Kwa Nini Saba Inamla Mfalme: Kuielewa Turufu na Karata za Ulaya

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili hukutana na turufu karibu kila wiki. Kocha ana karata yake ya turufu kwenye benchi. Mwanasiasa ameificha ya kwake hadi siku ya mwisho ya kampeni. Lakini ukimuuliza anayelitumia neno hilo turufu hufanya nini hasa mezani, mara nyingi atakujibu kwamba ni karata kubwa kuliko zote. Jibu hilo si sahihi. Turufu inaweza kuwa mbili tupu, isiyo na pointi hata moja, na bado ikamla mfalme. Nguvu yake haitoki kwenye namba iliyochapwa juu yake.

Vijana wengi wamekua na michezo ya kumaliza karata mkononi, ambamo wa kwanza kubaki mikono mitupu ndiye mshindi. Huko turufu haina kazi. Neno lenyewe limetoka kwenye familia nyingine ya michezo, ya kulana, ambayo Ulaya imeicheza kwa zaidi ya miaka mia sita, na ambayo sheria zake humchanganya mgeni kuliko mchezo wowote mwingine wa mezani. Bibi, yaani malkia, anashindwa na ghulamu, yule kijana mtumishi. Saba inampita mfalme. Pengine tatu ndiyo kubwa. Nitajaribu kuifungua familia hiyo kwa kupitia Ureno, kwa sababu msamiati wa karata wa Kiswahili ulitoka huko, na ndani ya msamiati huo yamo majibu ambayo wengi wetu tunayatamka bila kuyasikia.

Tuanze na tendo lenyewe. Watu wanne wameketi, kila mmoja na karata zake. Mmoja anatupa karata katikati, wengine wanafuata kwa zamu, moja moja. Zikitimia nne, moja imekula zenzake. Mwenye karata hiyo anazikusanya zote, anazilaza kifudifudi mbele yake, na yeye ndiye anayeanza tena. Karata hizo nne nitaziita fungu. Mchezo ni mafungu yanayofuatana mpaka mikono iwe mitupu. Wisti na briji za Waingereza, skati ya Wajerumani, beloti ya Wafaransa, yasi ya Waswisi, briskola ya Waitalia na sueka ya Wareno, zote zimejengwa juu ya tendo hilo moja.

Mgeni hupotea kwa sababu karata moja inapimwa kwa mizani tatu kwa wakati mmoja, na mwalimu wake huzichanganya. Mizani ya kwanza ni nguvu: karata ipi inakula ipi. Ya pili ni thamani: karata ikishaliwa, inamletea mwenye fungu pointi ngapi. Ya tatu ni wajibu: je, nina ruhusa ya kuitupa sasa? Karata inaweza kuwa na nguvu bila thamani. Inaweza kuwa na thamani kubwa ikawa haina ulinzi wowote. Na inaweza kuwa na vyote viwili, lakini sheria ikakuzuia kuitoa kwa wakati unaoutaka. Ukizitenganisha mizani hizi, nusu ya ugumu imekwisha.

Tuone kwenye sueka, mchezo ambao Wareno huucheza mikahawani na kwenye bustani za mijini. Pakiti ni ya karata 40, kwa kuwa nane, tisa na kumi zimetolewa. Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, na kila mtu anamkabili mwenzake. Zamu huzunguka kinyume cha saa. Kila mmoja ana karata kumi, na aina moja kati ya zile nne (kopa, uru, shupaza na pau) imechaguliwa kuwa turufu; tuseme ni uru.

João anatupa ree ya kopa, yaani ile ya moja. Ree ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika aina yake, na ina thamani ya pointi 11. Ana, aliye kuliani kwake, ana kopa, kwa hiyo lazima atoe kopa. Hawezi kuishinda ree, basi anatupa mbili, isiyo na thamani. Anafuata Rui, mwenzake João. Anaona ree ya mwenzake inatawala meza, naye ana saba ya kopa, yenye pointi 10. Anaitia hapo hapo ili wavune zote mbili kwa pamoja. Huo ni uchezaji mzuri. Amebaki Teresa, mwenzake Ana. Hana kopa hata moja, kwa hiyo wajibu wa kufuata umemwondokea. Anatupa tatu ya uru.

Meza imegeuka. Tatu ya uru haina thamani, lakini ni turufu, na turufu ndogo kabisa humla mkubwa yeyote wa aina nyingine. Teresa anakusanya fungu lenye pointi 21 kwa karata ambayo, kama ingekuwa ya pau, isingekula kitu. Rui hakukosea kwa kipimo cha alichokiona. Alichokosa ni kuhesabu: kopa ziko kumi tu, ngapi zimeshatoka, na nani huenda ameishiwa? Hapo ndipo ulipo mchezo. Bahati huishia kwenye kugawa. Baada ya hapo kazi ni kukumbuka na kukisia.

Ona pia jinsi wajibu unavyoipa turufu nafasi yake. Kama kila mtu angekuwa huru kutupa turufu apendapo, mfalme wa kopa asingekuwa salama hata mara moja. Sheria ya kufuata aina ndiyo inayozifungia turufu ndani mpaka mtu aishiwe. Kwa sababu hiyo Wareno huichukulia vikali hila ya kuficha aina uliyo nayo ili ukate kwa turufu: anayekamatwa hupoteza mchezo. Waitalia katika briskola wameondoa wajibu huo kabisa, unatupa upendacho, na mchezo unakuwa wa aina nyingine, wa kuvizia zaidi kuliko kuhesabu.

Sasa pointi. Katika sueka ree ni 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, bibi 2. Sita, tano, nne, tatu na mbili hazina kitu. Jumla ya kila aina ni 30, na aina nne zinafanya 120. Anayetaka kushinda anahitaji zaidi ya nusu: 61, wahedi wa sitini kama wazee wa Pwani wanavyohesabu. Nusu ya pakiti, karata 20, haileti pointi yoyote, kwa hiyo unaweza kula mafungu sita kati ya kumi na bado ukashindwa, kama mafungu yako yamejaa karata tupu. Wisti na briji hazina jambo hili. Huko kila fungu lina uzito uleule, na hesabu ni ya mafungu 13 tu. Edmond Hoyle alichapisha maelekezo yake ya wisti London mwaka 1742 na akaufanya mchezo huo usomewe kama hesabu; Harold Vanderbilt wa Marekani akaipa briji sura yake ya sasa mwaka 1925. Briji imepata heshima na mashindano ya dunia, na inastahili. Lakini mimi naona utamu mkubwa zaidi uko kwenye michezo ya pointi, kwa sababu humo kila karata unayoitupa inakuuliza maswali mawili, si moja: nitakula? Na kama sitakula, nampa nani nini?

Hizo 11, 10, 4, 3 na 2 zimeenea Ulaya nzima. Zimo kwenye skati ya Ujerumani na briskola ya Italia, na jumla ni ileile 120. Kinachobadilika ni nani anaikalia nafasi ya pili, ile ya pointi 10. Ujerumani ni kumi yenyewe. Italia ni tatu. Ureno ni saba. Pakiti za kusini mwa Ulaya zilikatwa: karata za juu za namba zikaachwa, na saba ikabaki ndiyo namba kubwa kuliko zote. Kwa Mreno, basi, saba imekaa palepale ambapo kumi imekaa kwa Mjerumani, juu ya namba nyingine zote, na ikabebwa pamoja nayo hadi juu ya mfalme.

Ree nayo ilipanda kutoka chini kabisa. Katika karata za kwanza zilizofika Ulaya mfalme ndiye aliyekuwa mkubwa, na moja ilikuwa moja tu. Wajerumani walikwenda mbali zaidi: kwenye pakiti zao za jadi, zenye mbegu za mwaloni, majani, mioyo na kengele, moja ilitupwa nje kabisa, na mbili ndiyo iliyopanda ikakalia kiti chake.

Tufike kwa bibi, maana swali lake ndilo huulizwa zaidi. Kwa nini malkia anashindwa na ghulamu?

Karata ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370 zikitoka kwa Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati huo. Machi 1377 mji wa Florence tayari ulikuwa ukipiga marufuku mchezo ulioitwa naibbe. Jina hilo, kama lile la Kihispania naipes, huelezwa kuwa limetoka kwenye neno la Kiarabu ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa: naibu. Pakiti ya Kimamluki iliyotambuliwa mwaka 1931 katika jumba la Topkapı mjini Istanbul ina aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Wakubwa wake ni mfalme, naibu wa mfalme na naibu wa pili. Hawakuchorwa sura, majina yao yaliandikwa tu. Hakuna mwanamke kati yao.

Wazungu waliwachora. Mfalme akabaki mfalme, naibu akawa mpanda farasi, naibu wa pili akawa mtumishi aendaye kwa miguu. Fimbo za polo, mchezo ambao hawakuujua, zikageuka magongo. Wareno wakafanya jambo lao wenyewe: yule mtumishi wa mwisho wakamchora mwanamke. Alikuwa karata ya chini kuliko wakubwa wenzake, chini ya mpanda farasi. Baadaye, zilipoenea pakiti za Kifaransa tunazozijua leo, zenye mfalme, malkia na kijana, wachezaji wa Ureno walilazimika kuoanisha za zamani na mpya. Mwanamke wa zamani akawekwa kwa malkia, mpanda farasi kwa kijana. Malkia wa Ufaransa alipoingia Ureno alikuta kiti kilichokuwa wazi ni kile cha mtumishi wa kike, akakikalia. Naye amekaa hapo hadi leo akiwa na pointi zake 2, wakati ghulamu ana 3 na mfalme ana 4.

Sasa fungua kamusi ya Kiswahili uangalie karata zenye picha zinavyoitwa. Bibi ni mzungu wa pili. Ghulamu ni mzungu wa tatu. Mfalme ni mzungu wa nne. Wengi wamejiuliza mzungu wa kwanza ni nani. Hayupo, na hakuhitajika, kwa sababu majina hayo hayapangi foleni: yanataja pointi. Mbili, tatu, nne, kama zinavyohesabiwa kwenye sueka na kwenye biska, ndugu yake mkubwa. Aliyewapa wazungu hao majina alikuwa mchezaji, na alikuwa anajumlisha.

Aina nne nazo zimebeba safari hiyohiyo. Shupaza ni espadas, panga. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu, zile sarafu za Misri. Pau ni paus, magongo. Michoro iliyo mkononi mwako ni ya Kifaransa, iliyotokea kwenye miaka ya 1480: moyo mwekundu haufanani na kikombe, na ua jeusi la majani matatu halifanani na gongo. Wareno walibadili picha, majina wakayaacha, na Waswahili wakayapokea yakiwa hivyo. Waingereza nao wako katika hali hiyo, kwani ua hilo hilo wanaliita kwa neno lenye maana ya rungu.

Imebaki turufu yenyewe. Karata za Kimamluki hazikuwa nayo. Aina nne zilikuwa sawa. Wazo kwamba baadhi ya karata ziwe juu ya zote lilizaliwa Ulaya, tena mara mbili, sehemu mbili tofauti.

Mara ya kwanza ni Ujerumani. Mwaka 1426 mji wa Nördlingen uliutaja mchezo wa karnofeli katika kanuni zake. Humo aina moja iliteuliwa, na ndani yake baadhi ya karata zikapewa mamlaka ya ajabu. Kijana wa miguu, mtu wa chini kabisa kati ya wakubwa, alimla kila mtu. Sita aliitwa Papa, saba Shetani, mbili Kaisari. Wahubiri hawakufurahi, na sababu yao inaonekana: ni mchezo ambao mtumishi anamla mfalme, na umma unaucheza kila jioni.

Mara ya pili ni Italia ya kaskazini, karibu na mwaka 1440. Waitalia hawakuipandisha aina iliyopo. Waliongeza ya tano, karata 21 za picha pamoja na mpumbavu mmoja, na wakaziita trionfi, yaani ushindi, kama maandamano ya washindi. Hizo ndizo taroti. Watu wengi wanaposikia taroti hufikiria ubashiri na mishumaa, lakini kwa zaidi ya miaka mia tatu zilikuwa karata za kuchezea tu. Habari za kubashiria zilianza kuvuma Ufaransa katika miaka ya 1780. Michael Dummett, mwanafalsafa wa Oxford, alitumia miaka mingi kulithibitisha hilo, na leo Wafaransa na Waaustria bado wanazicheza kama mchezo, tena kwa mashindano.

Baadaye wachezaji waligundua kwamba hawahitaji karata za ziada: chagua aina moja kwa bahati, iite ushindi, na kazi ni ileile. Jina likahama pamoja na wazo. Trionfi kwa Mwitalia, trunfo kwa Mreno, turufu kwa Mswahili. Kocha mwenye karata yake ya turufu kwenye benchi anatumia neno la maandamano ya washindi wa Italia.

Roho ya karnofeli haikufa. Kwenye yasi ya Uswisi na beloti ya Ufaransa, aina ikishakuwa turufu ghulamu wake anapaa kutoka pointi 2 hadi 20 na kuwa mkubwa kuliko wote, na tisa, iliyokuwa tupu, inakuwa ya pili kwa pointi 14. Kwenye skati maghulamu wote wanne ni turufu daima, hata iwe imeteuliwa aina gani. Wajerumani wanamwita ghulamu huyo mkulima. Walipohamia Marekani walikwenda naye kwenye mchezo wa yuka, na wachezaji wa huko, wakitaka mkulima mkubwa zaidi ya wakulima wote, wakaongeza karata moja mpya kwenye miaka ya 1860. Ndiyo joka tunayoikuta katika kila pakiti. Wapo wanaosema joka ni yule mpumbavu wa taroti. Hapana, ni mtoto wa mkulima.

Skati inastahili neno zaidi. Ilitengenezwa Altenburg, mji mdogo wa Ujerumani ya mashariki, mnamo miaka ya 1810. Karata ni 32, wachezaji watatu, kila mmoja kumi, na mbili zinalazwa kifudifudi. Kisha wanapanda dau la maneno, nani yuko tayari kubeba mzigo mkubwa zaidi. Atakayeshinda anazichukua zile mbili, anateua turufu, na anacheza peke yake dhidi ya wawili waliounganika kwa mkono huo mmoja tu. Kwenye mkono unaofuata maadui hubadilika. Kupanda dau kulitoka Hispania, kwenye mchezo wa ombre wa karne ya 17, na kuliondoa malalamiko ya kale ya kila mchezaji: kwamba turufu ilifunuliwa kwa bahati na ikampendelea mwingine. Mwaka 1886 wachezaji walikutana Altenburg kusawazisha sheria, na mji huo una baraza linaloamua ugomvi wa skati mpaka leo. Una pia chemchemi ambamo mchezaji huzilowesha karata zake ili zipate bahati.

Jambo moja hutenganisha meza kuliko sheria yoyote: kusema. Kwenye briji kumwashiria mwenzako kwa uso ni wizi. Kwenye briskola ya wanne kuna ishara za uso zinazojulikana na wote, na ufundi ni kumfikishia mwenzako kabla adui hajaona. Tresete, mchezo usio na turufu kabisa, una lugha ya mkono: kuigonga meza ni kumwambia mwenzako acheze kubwa yake ya aina hiyo, na kuirusha karata kutoka juu ni kumjulisha kwamba ndiyo ya mwisho uliyokuwa nayo ya aina hiyo.

Wareno walitolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698, na maneno yao ya karata yakabaki Pwani. Hawakuyaacha hapa peke yake. Katika karne ya 16 walizipeleka karata Japani, na Wajapani wakaziita karuta, kutoka neno lilelile carta lililotupa karata. Katika mji wa Hitoyoshi, kisiwani Kyushu, bado unachezwa mchezo wa karata 75 uitwao unsun karuta, wa kulana kwa mafungu, ukiwa na vikombe, panga, magongo na sarafu zake.

Atakaye kujaribu achukue pakiti ya kawaida, atoe nane, tisa, kumi na joka zote. Gawa kumi kumi kinyume cha saa. Karata ya mwisho, ambayo ni ya mgawaji, ifunuliwe: aina yake ndiyo turufu. Anaanza aliye kuliani kwa mgawaji. Mwenye ree ya turufu asiharakishe kuitupa, kwa sababu saba ya turufu iko kwa mtu, na ikianguka kwenye fungu moja na ree hiyo, ni pointi 21 zisizoweza kukatwa na yeyote.